Kalamu ya Kujaza Wino na Nyanya za Mama Furaha

Nakumbuka siku moja kwa harufu yake, mwanangu, kabla sijaikumbuka kwa jambo lililotokea. Ni harufu ya nyanya zilizopigwa na jua chini ya turubai: tamu mwanzoni, kisha nzito, kisha ya kusikitisha. Hata leo nikipita soko la Koboko mchana na upepo ukatokea upande wa wauza mboga, nasimama. Watu wanadhani mama mzee amechoka, wananisogezea kiti. Sijachoka. Nimesafiri tu. Niko Vurra, bado msichana, nina wino kwenye kidole, na nimekwisha kuharibu jambo ambalo sijajua kama nimeliharibu.

Kaa nikusimulie. Mvua hii haina haraka ya kwenda kwao, na chai bado ipo.

Mimi Candiru nilizaliwa Manibe, pembeni mwa mji wa Arua, kwa watu wa mihogo na maharagwe. Baba alituacha mapema. Mama akanisomesha kwa jembe mpaka nikawa na mwandiko ambao walimu walikuwa wakiwaonyesha wageni. Mwandiko huo ndio ulionipatia kazi mpakani Vurra, kwa Mzee Ezati, wakala wa forodha, yaani mtu wa kuwaandikia wafanyabiashara karatasi za mizigo inayovuka kwenda Congo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barabara, na mimi nilikaa hapo dirishani. Asubuhi za ukungu uliona taa za malori kabla ya kuyaona malori yenyewe. Yalikuja polepole, yakapumua, yakasimama, na vumbi jekundu likashuka juu ya nyasi, juu ya kuku, juu ya nywele zangu. Wakati mwingine nilisahau kama nimeamka.

Siku hizi karatasi hizo zinapitia kwenye kompyuta. Wakati ule kila fomu ilikuwa na nakala tatu. Unapanga karatasi zako, unaingiza katikati ile karatasi nyeusi ya kaboni, halafu unaandika juu kwa kukandamiza ili maneno yashuke mpaka chini. Nakala ya kwanza ilibaki upande wetu wa Uganda, ya pili ilibaki kwa Mzee Ezati, na ya tatu ilikwenda na lori mpaka kizuizi cha Wakongo. Kukandamiza ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Nilishika peni kama nilivyofundishwa kushika jembe, na kidole changu cha kati kikaota sugu, gumu kama punje ya hindi kavu.

Na peni zilivyokuwa zikiisha! Ukikandamiza hivyo, peni haifiki mbali. Nyingine zilitapika wino kwa joto, nyingine ziliandika mistari miwili zikagoma kabisa. Zilizobaki nzima ziliazimwa na madereva. Wewe hujui desturi ya mpakani: peni haikataliwi, kama vile moto na chumvi visivyokataliwa kwa jirani. Dereva anasaini, anaichomeka juu ya sikio, anapanda lori lake, na peni yako inakwenda kulala Bunia. Mzee Ezati alikuwa mtu mwema, ila kwa habari ya peni alikuwa jiwe.

"Peni iko juu yako," aliniambia. "Mimi iko nalipa mkono, hapana peni."

Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi sehemu ya jasho langu ilikwenda kwenye vijiti vya plastiki, na mama yangu kule Manibe alipokea kilichobaki. Bandu bandu huisha gogo. Mpaka leo mvua kama hii ikinyesha, nyuma ya shule hapa Koboko peni zilizokufa zinaibuka kwenye udongo kama mifupa ya kuku. Watoto wanazikanyaga, wanapita. Kila moja ilikuwa ndizi ya mtoto fulani, au sabuni ya mama yake. Naudhika, nakuambia kweli. Lakini turudi Vurra.

Kulikuwa na mama mmoja wa Aru, ng'ambo ya mpaka, tukimwita Mama Furaha. Mjane, mrefu, kitambaa cha kichwa kimefungwa juu kama taji. Alinunua nyanya kwa wakulima wa upande wetu, Manibe na kwingineko, akazivusha kwenda kuuza soko la Aru. Mtaji wake wote ulikuwa ndani ya mzigo mmoja. Ukiuzika, watoto wanakula na mzigo mwingine unanunuliwa. Usipouzika, hakuna wa pili. Alisema hivyo mwenyewe akicheka, huku mkono mmoja ukigusa mbao ya dirisha langu, na mimi nilicheka naye bila kuelewa.

Mama Furaha hakuazima peni ya mtu. Ikifika zamu ya kusaini, alifungua mkoba, akatoa kalamu nene ya buluu iliyoiva, akazungusha kifuniko chake taratibu. Ndani mlikuwa na ncha ya chuma, imepasuka katikati kidogo, inang'aa. Alipoandika jina lake, ilikuwa kama anampapasa mtoto usingizini. Wino ulibaki unyevu kidogo kwenye karatasi, ukimeta, kisha ukatulia. Madereva walioiazima walikwaruza karatasi, wakaitazama kama nyoka, wakairudisha.

Siku moja alinikuta nimeinama juu ya fomu zangu, akaupokea mkono wangu dirishani, akaligusa lile sugu.

"Weye mutoto," alisema, "unaandika ao unalima?"

"Naandika, Mama."

"Hapana. Mukono yako inapigana na karatasi. Na ile peni zako zinakufa kila siku, nani anazizika?"

Nilimwuliza ile yake ina umri gani. Akasema masista walimpa tangu akiwa kadogo, shuleni kwao, ambako watoto wote walijifunza kwa wino. Kalamu ni ileile, wino tu ndio unaonunuliwa. Chupa moja inakaa mpaka unasahau uliinunua lini. Mwanangu, nilihisi kama mtu aliyefunguliwa mlango nyumbani kwake mwenyewe. Juma lililofuata aliniletea kalamu kutoka Aru, nyeusi, ya kujaza, na chupa ndogo ya wino. Nikampa maharagwe ya mama yangu, kikapu kizima, tukapeana mikono.

Alinionyesha mambo yake. Unazamisha ncha ndani ya wino, unazungusha kitako, kalamu inakunywa. Unaifuta kwa kitambaa. Ikizembea, unaiosha kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe. Ukimaliza kuandika, unaifunika, maana ikiachwa wazi inakauka koo.

"Iko na sharti moja," alisema. "Usifinye. Hii haitake nguvu. Unaiacha iende. Na kila asubuhi unaiuliza: imekunywa leo?"

Nikacheka. Lakini kesho yake nikaiuliza.

Sijui nikueleze vipi siku zile za kwanza. Jioni nilizorudi Manibe, nilikaa mlangoni kwa mama na daftari kuukuu, nikaandika chochote. Majina ya vijiji. Majina ya ng'ombe waliokufa. Wino ulitoka bila kuombwa, na mkono wangu, uliozoea kusukuma, haukujua pa kupeleka nguvu zake. Mwanzoni nilichana karatasi. Nilitapakaza wino. Karatasi nyingine mbovu ziliunywa mpaka herufi zikaota ndevu. Kisha jioni moja mkono ulilegea wenyewe, na kalamu ikateleza kutoka ukingo mpaka ukingo, na sikusikia sauti yoyote ila kuku wakipanda kulala. Niliinua kichwa nikaona giza limeingia. Mama alisema alikuwa ameniita mara nyingi.

Nikawa na kiburi, usinitazame hivyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa mwandiko tangu utotoni. Niliichomeka kalamu kifuani, niliitoa hadharani, niliifunika kwa madaha. Ofisini, hata hivyo, niliendelea na peni za kawaida kwa zile fomu za kaboni. Si kwa busara. Ni kwamba niliogopa kuichafua.

Ndipo ikaja siku ya soko la Aru.

Mama Furaha alifika ukungu ukiwa bado chini. Lori alilopanda lilikuwa limejaa masanduku ya mbao, nyanya nyekundu zilizofunikwa turubai, mzigo mkubwa kuliko yote aliyowahi kuleta. Alikuwa ameweka kila kitu humo. Alisema akiuza leo, atanunua mabati. Mzee Ezati alikuwa Arua mjini. Nilikuwa peke yangu.

Nilimtazama pale dirishani, na moyo wangu ukajaa. Huyu ndiye aliyenipa kalamu. Ningewezaje kuandika karatasi zake kwa kijiti cha plastiki? Nikaichomoa kalamu yangu. Niliandika jina lake kama nachora ua. Nikaandika nyanya, nikaandika masanduku, nikaandika Aru, mkono mwepesi kama alivyonifundisha, bila kufinya hata kidogo. Ilikuwa fomu nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika maishani, nakwambia. Hata yeye alitabasamu. Nikachomoa kaboni, nikabana pini, nikampa. Sikufunua. Kwa nini nifunue? Tangu nianze kazi ile, maneno yalikuwa yakishuka chini.

Umeshaelewa, naona. Basi wewe una akili kuliko mimi wa siku ile.

Lori lilipita kizuizi chetu. Nilipunga mkono. Malori mengine yakafuata nyuma yake, moja, jingine, jingine. Baada ya muda nilimwona utingo wa lori lake akikimbia kuja kwangu, karatasi mkononi, vumbi mpaka kwenye kope.

"Dada, hii ya chini iko tupu!" alipiga kelele. "Ule mutu wa bariera, kule kizuizini, anasema yeye hapana kusoma hewa!"

Nikaichukua nakala ya tatu, nikaiinua juani. Palikuwa na kivuli, mwanangu. Kivuli cha jina la Mama Furaha, hafifu kama mstari wa ukucha kwenye ngozi.

Niliandika upya kwa peni, nikikandamiza huku machozi yakidondoka. Lakini karatasi mpya ilitaka zamu mpya, na zamu ilikuwa ndefu, maana ilikuwa siku ya soko na kila mtu alikuwa na haki yake. Lori lake halikuweza kusonga mbele wala kurudi nyuma. Lilisimama katikati ya vizuizi viwili, mahali ambapo si kwetu wala si kwao, na jua likapanda juu yake. Nilifunga dirisha la Mzee nikaenda kusimama pale. Harufu ilianza ndogo. Upepo ulikuwa umekufa. Kulikuwa na kimya fulani, kile kimya cha mchana kinachofanya hata nzi waruke kama wanaota, na ndani ya kimya hicho nilisikia tone likianguka kutoka chini ya lori, kisha jingine. Maji ya nyanya.

Nilingoja anitukane. Ningepona kidogo kama angenitukana. Mama Furaha alipanda juu ya lori, akalifunua turubai, akatazama. Halafu akaniita.

"Kuja hapa. Vua viatu, panda."

Tukachambua pamoja, yeye na mimi. Ngumu upande huu, laini upande ule, na zilizopasuka alizigawa kwa watoto na wapita njia kabla hazijaoza kabisa. Mikono yangu ilikuwa nyekundu mpaka kwenye viwiko, wino wa buluu ukiyeyuka kwenye vidole. Nililia bila kujificha. Nikasema, "Mama, kalamu hii nitaitupa."

Ndipo alipokasirika. Ile ndiyo mara pekee niliyomwona.

"Utatupa kalamu? Kalamu ilikosa nini? Sikiliza mimi. Nilikuambia usifinye, na haukufinya. Lakini ile karatasi inaomba kufinywa! Haukuitazama. Ulipenda kalamu, ukasahau karatasi. Ukasahau na mutu mwenye karatasi."

Akafuta uso kwa kanga, na machozi yalikuwemo humo pia, niliyaona. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Jembe ni ya shamba, sindano ni ya nguo. Weye ulishona kwa jembe, halafu siku ya kulima ukakamata sindano."

Alivuka jua likiwa limeanza kuinama. Madereva waliotoka Aru walituambia baadaye kuwa alifika watu wakikunja mikeka.

Soko lililofuata hakuja. Wala la baada yake. Mzee Ezati alirudi, akasikia, akanikaripia kwa haki yake, akaniacha kazini kwa sababu ya mama yangu. Kila lori la nyanya lililofika nilinyanyuka kumtafuta. Kalamu niliiweka ndani ya soksi, chini ya godoro, kama kitu cha maiti. Nilirudi kununua peni za kutupa, zikaendelea kufa, na mama akaendelea kupata kilichobaki.

Kisha siku moja ya manyunyu, dereva mmoja Mkongo alisimama dirishani. Hakuwa na mzigo wa kuandikiwa. Aliweka mezani kichupa kilichofungwa kwa kipande cha kitenge. Wino.

"Mama Furaha anakusalimia," alisema. "Ameniambia nikuulize hivi tu: imekunywa leo?"

Nilikilaza kichwa mezani. Dereva yule alidhani amenitukana, maskini, akaanza kuomba msamaha. Mwanamke aliyepoteza mtaji wake kwa mkono wangu, alikuwa kule ng'ambo akihofia kalamu yangu isikauke. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini koleo hizi hazikuwa zangu, zilikuwa zake, na ni yeye aliyeniambia niwashe moto tena.

Jioni ile niliitoa kalamu kwenye soksi. Wino ulikuwa umegandia kooni. Niliiosha kwa maji ya kisima, bakuli baada ya bakuli, na buluu ilitoka ikielea ndani ya maji kama moshi, ikijikunja, ikifunguka, mpaka maji yakatoka meupe. Sijui nilikaa hapo kwa muda gani. Nikaijaza, nikaandika jina lake mara moja, na likateleza.

Tangu hapo nikajiwekea utaratibu. Peni moja ngumu kwa ajili ya kaboni, imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza ili isiende Bunia. Kazi nyingine zote, daftari la ofisi, risiti, barua za madereva kwa wake zao, nazo si chache, nikaziandika kwa wino. Peni ile moja, kwa kuwa ilifanya kazi yake tu, ilidumu. Kalamu ilidumu zaidi. Na kila nilipokuwa karibu kununua peni nyingine, nikakuta sihitaji, nilichukua hela ya peni ile nikaitia ndani ya kopo la maziwa ya unga. Sikulifungua. Haba na haba hujaza kibaba. Nilisikia tu sauti yake ikibadilika, kutoka mlio wa kopo tupu hadi mlio wa kopo lenye jambo tumboni.

Lilipokataa kupokea nyingine, mvua za mwaka mwingine zilikuwa zimeshaanza. Nilikwenda kwa wakulima wa Manibe, nikachagua nyanya kwa mkono wangu, sanduku moja zuri, ngumu, nyekundu upande mmoja na kijani kidogo upande wa pili ili zisafiri. Tukalifunga kwenye boda na jani la mgomba juu. Nikavuka Vurra. Kwa sanduku moja nani anajaza fomu? Walinipungia mkono tu.

Nilimkuta kando ya soko la Aru, amekaa juu ya kigoda, mbele yake vifungu vya sombe, yale majani ya muhogo, vichache. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimefungwa juu kama zamani. Nikashuka, nikapiga magoti kwenye tope, nikasogeza sanduku mbele yake.

"Ni za kalamu, Mama," nilisema. "Imenunua yenyewe."

Aliondoa jani la mgomba, akachukua nyanya moja, akaifuta kwenye kitenge, akaiuma, akafumba macho. Maji yakamtiririka kwenye kidevu. Soko zima lilikuwa likipiga kelele na mimi sikusikia kitu. Kisha akaomba mkono wangu wa kulia. Alikitafuta kidole cha kati, akakipapasa pale lilipokuwa lile sugu. Halikuwepo. Hata mimi nilikuwa sijaona lilipoondoka.

"Ah," alisema. "Sasa iko mwepesi."

Akaziuza nyanya zile siku ileile, zote isipokuwa ile aliyoiuma. Kwa hela zake akanunua nyingine. Soko la tatu au la nne baadaye, sikumbuki sawasawa, niliinua kichwa dirishani Vurra asubuhi ya ukungu, nikaona taa za lori kabla ya lori, na juu yake kitambaa kama taji. Niliandika karatasi zake kwa ile peni ya uzi, nikikandamiza kama ninalima. Nikafunua nakala ya tatu mbele ya macho yake. Ilikuwa nyeusi, inasomeka. Halafu, mahali pa kusaini, nikampa kalamu yangu ya wino, naye akaandika jina lake kwa hiyo.

Mama Furaha alilala zamani, Mungu amrehemu. Alilala chini ya mabati yake. Mimi niliolewa huku Koboko, nikafundisha watoto kuandika, na nimezeeka nikiwa na kalamu ileile. Nimebadilisha ncha mara moja. Hayo unayoyasikia leo nimeyaandika kwanza kwa hiyo, maana kichwa changu sasa kinavuja.

Basi, mwanangu, shika maneno haya. Kwa maandishi yako ya kila siku tafuta kalamu ya kujaza, hata ile rahisi inayouzwa sokoni, maana kinachojazwa upya hakikuli mfuko kama kinachotupwa. Itunze: ioshe, ifunike, chagua karatasi isiyokunywa sana. Usiisukume, itakufundisha utulivu ambao mimi sikuupata kanisani wala shuleni. Lakini usiabudu kalamu. Kabla hujaandika, itazame karatasi inataka nini, na umtazame mtu atakayeibeba, kwa sababu wewe ukikosea herufi, kuna mwingine nyanya zake ziko juani. Na unachookoa, usikifiche tu ukajisifu kwamba una akiba. Wanasema akiba haiozi. Kweli haiozi, ila mwenye akiba anaweza kuoza akiikalia. Fungua kopo, mpelekee uliyemwumiza, au aliyekuinua, na mara nyingi utakuta ni mtu mmoja.

Mungu wa babu zako, wa pande zote za mpaka, akupe mkono mwepesi na macho ya kufunua nakala ya tatu. Akupe chupa isiyokauka. Jina lako lisiwe kivuli kwenye karatasi ya mtu. Lisomeke mpaka chini. Na akupe mtu wa ng'ambo wa kukukumbuka siku utakayokuwa umejificha kwa aibu.

Sasa nipe mkono wako. Ndiyo, nalihisi hilo sugu. Chukua kalamu, ni yako; nimeshaiosha. Mimi nitakuuliza kila asubuhi maadamu nina pumzi, na siku utakapoamka usisikie sauti yangu, usilie kwanza. Ishike, uiulize wewe: imekunywa leo?